Pua Yangu na Dawa za Selpha

Gitothua,
S.L.P. Ruiru,
14 Julai 1959.

Mpendwa mdogo wangu Kagwe,

Nakusalimu sana kutoka huku kwenye baridi na ukungu. Hujambo? Mkeo Waithira hajambo? Na kile kiuno chako, baridi ya Molo imekihurumia au bado unatembea umejipinda? Sisi tu wazima, ila mimi nimeteswa na pua.

Tangu mvua ziishe, kila asubuhi nilikuwa naamka pua imeziba kabisa, kichwa kizito, naongea kama mtu aliye ndani ya mtungi. Jua likipanda inafunguka. Kesho yake ni yale yale.

Sasa jiulize ilianza lini. Ilianza mwezi ule ule mwanangu Waweru alipomleta mchumba wake Selpha hapa nyumbani, akarudi zake kazini Thika, akaniachia mimi. Binti kutoka Kakamega, simjui baba wala mama. Ndiyo maana nilikuandikia usitoe mguu kwenda kwao na wazee kuposa. Nilitaka nimchunguze kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na huyo binti ana dawa! Alichemsha majani ya mkaratusi, akataka niinamie sufuria, nijifunike blanketi, nivute mvuke. Nikamwambia aanze yeye. Akatoka humo anatiririka jasho, anacheka. Nikaona huyo ni mjanja. Akaleta maji ya chumvi ya vuguvugu nisafishe pua. Nikayaonja, kisha nikayamwaga. Chai ya tangawizi na limau niliumwagia mgomba ulio nyuma ya nyumba, nikawa nauchungulia kila siku. Haukunyauka, lakini mgomba hauna pua.

Dawa niliyoiamini ni yako tu, lile kopo la ugoro ulilonitumia kwa mafua. Nilinusa kila usiku kabla ya kulala, na pua ilivyozidi kuziba ndivyo nilivyozidi kunusa. Unajua kanisani kwetu ugoro ni dhambi, na mimi ndiye kiongozi wa akina mama. Basi kopo likakaa chini ya godoro.

Alhamisi moja akina mama wakaja kuniombea. Idah, makamu wangu, mwanamke mzito, akaketi kitandani, godoro likainuka upande mmoja, kopo likadondoka mbele ya watu wote. Kifuniko kikatoka. Ngai! Nilitamani ardhi inimeze.

Selpha alikuwa mlangoni na birika. Akaliweka chini, akaokota kopo. "Hii ni yangu, mama. Kwetu tunatumia ya mafua. Nilificha hapa nikijua hakuna mtu atatafuta."

Walimkemea vibaya. Idah akasema msichana wa namna hiyo hafungishwi ndoa kanisani, na arusi yake na Waweru iliyopangwa Agosti isahauliwe. Mimi nikanywa chai tu.

Walipoondoka nikamshika mkono, maana hakuna anayetoa bure. Nikamwuliza anataka nini kwangu.

"Nataka uache hiyo kitu, mama. Ile ya usiku ndiyo inakufunga pua asubuhi. Nimejua kitambo, nilisikia harufu kwa foronya yako nikifua."

Kumbe alijua, na hakumwambia mtu, hata Waweru! Nilikasirika, Kagwe. Nikaacha ugoro ili nimwonyeshe kuwa hajui kitu. Kabla ya wiki kwisha niliamka navuta hewa kama mtoto. Ndipo nikakumbuka kwamba Selpha na kopo lako vilifika mwezi mmoja. Kwa hiyo mshukiwa wangu sasa ni wewe. Mvuke wake nao najifukiza, na unasaidia.

Jumapili nitasimama kanisani niseme kopo ni langu. Idah atachukua kiti changu, na inaniuma, lakini sitakubali arusi ya mtoto ivunjike kwa ajili ya pua yangu. Wewe kusanya wazee mwende Kakamega kabla ya mwezi kwisha. Pasi za serikali za kusafiri mziombe mapema, msije mkarudishwa njiani.

Bado namshuku kidogo, sikufichi. Msichana anayeweza kudanganya kanisa zima bila kupepesa jicho, mimi atanidanganya mara ngapi nikizeeka? Lakini nimewaza, nikaona mtu kama huyo afadhali awe wa nyumba hii kuliko awe wa jirani.

Nisalimie sana Waithira, watoto, na mzee Gerishon. Mungu awatangulie njiani, na huko kwa wakwe awape maneno matamu.

Wako akupendaye, dada yako,
Warigia