Shule Niliyomsifia Mama Achieng

Jumatatu, 29 Januari 1979
Gwaride. Vumbi. Kidato cha kwanza wachache tena. Mkuu wa shule anasema wazazi wakija kulinganisha, tuisifu shule yetu ya harambee, ya michango ya wananchi. Haya. Shule ya serikali, ng'ambo ya Jogoo Road: maabara, maktaba, walimu wenye digrii. Sisi: mabati, na mimi nikifundisha sayansi kwa kuchora chupa ubaoni.

Jumatano, 31 Januari
Amekuja Mama Achieng, jirani yetu hapa estate ya Mbotela, muuza sukuma wiki. Binti yake ameitwa shule ya serikali. Anaogopa wajanja wa huko watamharibu.
"Mwalimu, wewe ndiye unajua. Nimpeleke wapi?"
Nikasema kwetu. Huko atakuwa mkia, kwetu atakuwa kichwa. Tunamhitaji, mwanafunzi mwenye alama kama zake. Akanibariki, akaniachia fungu la mboga. Nimezila zote.
Wanjiku wangu ameitwa huko huko. Anaanza Jumatatu. Hilo sikumwambia.

Ijumaa, 2 Februari
Basi. Mama Achieng amekwenda mwenyewe kuirudisha nafasi, amevaa nguo ya kanisani. Papo hapo nafasi hiyo akapewa mtoto mwingine.
Mke wangu kaniuliza, "Baba Wanjiku, mbona wetu haji kwako?" Nikamfokea. Mimi ni mwongo.

Jumanne, 6 Februari
Wanjiku anatokea uani, leso juu ya sare. Mimi ndiye niliyemwamuru. Mtoto amefaulu, babake anamficha kama chang'aa, pombe haramu. Ptu!

Jumamosi, 10 Februari
Mke wangu amekataa kuanika sare ndani ya nyumba tena. Akaitundika nje, mchana kweupe. Upepo ukaangusha sketi kwenye matope ya bomba. Estate nzima inaijua ile kijani ni ya shule gani.
Mama Achieng aliiokota. Akaifua upya, akaipiga pasi, akaileta imekunjwa.
"Mwalimu, ya msichana wako ilianguka. Nimeisuuza."
Basi, akaenda zake. Heri angenitukana mbele ya watu. Nikasema asante. Asante! Mdomo huu.

Jumatatu, 12 Februari
Achieng amekaa dawati la mbele. Sare yake imeshonwa kubwa, imfae hadi kidato cha nne. Nimefundisha mpaka kengele. Ameandika kila neno nililosema.