Maelezo ya Mama Pasi Kuhusu Kihesabu Hatua cha Binti Yake

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: anajulikana kama Mama Pasi
Umri: miaka 41
Kazi: kufua na kupiga pasi nguo za watu
Makazi: vyumba vya kupanga, nyuma ya soko

Mimi ni mama mzazi wa Chiriku, miaka kumi na mitatu. Tulimpachika jina hilo kwa sababu mdomo haufungi. Ana pumu.

Wiki hii mwalimu wa michezo aliwagawia wanafunzi vihesabu hatua, apime vijana wanautumia mwili kiasi gani kwa siku. Ni kidude kidogo tu, unakibana kwenye nguo. Hesabu inaingia kwenye simu ya mwalimu papo hapo, ila hakisemi mtu yuko wapi.

Mnamo tarehe 9 asubuhi, nikiwa nimeshavaa aproni ya kazi, Chiriku alinikumbatia kiunoni akasema, "Mama, leo nitembelee." Nikamjibu, "Nije shuleni kwako, kwani nimefukuzwa kazi? Hebu toka, utachelewa!" Alicheka mno, akaenda zake.

Saa kumi jioni alikuwa hajarudi. Nilimpigia mwalimu, akasema walitoka saa nane. Akatazama simu yake. "Tulia mama, mbona anatembea vizuri tu." Nikashusha pumzi. Nikamtafuta sokoni, kisha kwa shangazi yake. Pale nilikaa kidogo ninywe maji, mwalimu akapiga: "Amesimama. Muda sasa." Nikatoka mbio. Akapiga tena: "Sasa anakimbia, mama. Anakimbia kweli kweli."

Jamani! Nikajua mwanangu anakimbizwa. Nilikuja hapa kituoni nikilia njia nzima, na mwalimu akanifuata.

Hapa sikuweza kukaa. Nilikuwa nakwenda dirishani na kurudi. Mwalimu ameikodolea macho simu: "Anatembea. Amesimama. Anatembea." Afande wa kike aliyekuwa mezani akaitazama miguu yangu.

"Mama, hebu simama."

Nikasimama.

"Haya, tembea."

Mwalimu akasema, "Mungu wangu," akakaa chini sakafuni.

Nikaingiza mkono mfukoni mwa aproni. Kilikuwemo, kimebanwa kwa ndani. Mwalimu akasema watoto wana ujanja wao: anayetaka kuwashinda wenzake humpachikia kidude mtu wa pilikapilika, amtembelee hatua zake. Ndicho alichoniomba asubuhi, nami nikamfokea.

Kwa hiyo jioni nzima tumenifuatilia mimi. Mbio zile zilikuwa zangu. Tulikuwa tunaambiana yu hai, anatembea, kumbe hakuna aliyejua lolote. Hatujagonga mlango wa rafiki yake hata mmoja. Hatujaenda hospitali. Naogopa, afande.

Niliyoyasema ndiyo ninayoyajua, na ni ya kweli. Nipeni kalamu niende.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Nimemsomea, amekubali kuwa ni sahihi. Ametia sahihi akiwa amesimama. Saa moja kasoro robo jioni mtoto hajulikani alipo. Nimemwachia mwenzangu meza, natoka na mama.