Siku Ile Sikusikia Harufu ya Gaz

Forest, Bruxelles
13 Februari 2026

Mpendwa tonton Séraphin,

Jambo sana kutoka huku kwenye baridi. Mugongo wako unaendeleaje? Na muke wako, maman Lucienne, sukari yake imeshuka? Sisi tuko, Mungu anatulinda, lakini kuna jambo limetupata. Nimetaka kukuambia wewe mujomba wangu kwanza, juu ni katika atelier yako ya useremala kule Lubumbashi nilijifunza kutambua mbao kwa pua.

Unajua kazi yangu: tunatengeneza uvumba wa hinoki, ule muti wa cyprès wa Japon. Hakuna muti unaokatwa kwa ajili yetu. Tunapokea miti myembamba iliyopunguzwa ili mingine ipate mwanga, pamoja na vipande wanavyobakisha mafundi wa nyumba. Tunasaga, tunachanganya na unga wa maganda ya muti na maji, tunakanda vijiti, tunaanika. Hatutii parfum hata tone. Donc pua ndiyo kila kitu.

Bon, tangu Noeli pua yangu ilianza kufifia. Nilifikiri ni grippe, mafua tu.

Jumamosi iliyopita nilileta vijiti nyumbani nivijaribu. Bwana yangu Ghislain alikuwa kazini, mutoto wetu Abigaël amelala. Nilikuwa nimebandika chai kwenye jiko la gaz; maji yakafurika, yakazima moto, nami niko salon, sijui kitu. Nikachukua kijiti cha uvumba, nikatoa kiberiti.

Mulango ukagongwa kwa nguvu. Nikaenda kufungua, njiti ya kiberiti ingali mukononi, sijaiwasha. Ni maman Victorine, jirani yetu. Aliupiga mukono wangu, njiti ikaruka.

“Emmanuella, usiwashe kitu! Gaz!”

“Gaz gani, maman? Mimi sisikii kitu.”

“Husikii? Korido yote inanuka! Mutoto iko wapi?”

Alikimbilia jikoni kufunga gaz na kufungua madirisha. Mimi nilimubeba Abigaël hadi chini, yeye na soksi tu, anauliza kwa nini ninalia. Wazima moto walipokuja, mmoja wao akaniambia: “Madame, cheche moja tu ingetosha.” Tonton, na mimi kiberiti nilikuwa nacho.

Daktari anasema vumbi la mbao, miaka yote hii, limeumiza ndani ya pua. Harufu inaweza kurudi, inaweza isirudi. Hakuahidi. Patron wangu Ilyas hakunifukuza. Amenihamishia kwenye kuanika, na sasa kila muntu anavaa masque. Nakuomba, tonton, nawe ufunge kitambaa puani ukipiga randa. Usinicheke. Ufunge.

Nyumbani tumenunua plaque ya umeme ya kupikia. Hata hivyo woga haujatoka. Nikiingia jikoni, ninafungua dirisha kwanza. Maziwa yakichacha sijui, kitu kikiungua sijui. Ninamutazama mutoto wangu na kujiuliza nitamulinda namna gani.

Jana nilitoka kazini, nikasimama mulangoni kwetu, nikaogopa kugusa hata swichi ya taa. Nikamuita Abigaël nikamuuliza anasikia harufu gani. Alinusa hewa, halafu akaegemeza uso kwenye shati langu.

“Ni harufu yako tu, maman,” akasema. “Ya muti.”

Nilimukumbatia pale pale. Mimi sikusikia kitu.

Utusalimie maman Lucienne na watoto, Élisée na Cécile, na muniombee. Bwana awafunike nyote chini ya mbawa zake.

Mutoto wako anayekupenda,
Emmanuella