Moshi wa Kabla ya Maulidi

Jumapili, 8 Mfungo Sita 1325

Mahamri yameumuka vizuri. Sinia mbili zimekwenda chuoni. Mvua haikati.

Chuo cha Kurani cha Mwalimu Shee ni chumba kimoja na baraza, lakini mwezi huu wa maulidi utadhani mtaa mzima umehamia humo. Asubuhi darasa, alasiri matari, Ijumaa ngoma ya kirumbizi na fimbo zao. Wanafunzi wa kuja wanalala pale pale, na kila mmoja ana nyumba ya kumlisha. Wa kwangu ni Mbarak, wa Siu. Anakula kama mwanangu Athmani, yaani hachagui.

Siku ya maulidi Athmani ndiye atakayesoma pale watu wote wanaposimama kumsalia Mtume. Kachaguliwa yeye. Nafurahi, lakini sina raha.

Jumatatu, 9

Mbarak kaja kula. Kasema mbele yangu, "Sauti ya Athmani haina mfano Mombasa hii."

Basi. Hakusema mashallah. Nikangoja aseme. Akaomba mchuzi.

Kutwa nimezunguka. Nimefagia palipokwisha kufagiwa. Jirani yangu Mwana Esha kaniambia Mbarak ndiye wa pili kwa sauti, Athmani akikosa atasoma yeye. Kwani sikujua? Nilijua. Ila kuambiwa.

Jumanne, 10

Sikupeleka chakula cha Mbarak. Nimesema kuni zimerowa. Kuni hazikurowa. Athmani kauliza, nikamkemea. Baba yake karudi kutoka forodhani, kasema niache wasiwasi. Yeye hajui jicho la husuda ni nini.

Jumatano, 11

Baada ya adhuhuri nimemfukiza Athmani. Nimemketisha, nikamfunika shuka gubigubi, chetezo miguuni. Ubani, kisha chumvi ya mawe, kisha pilipili kavu. Mwana Esha alisema pilipili ikiungua isiwashe pua, basi jicho lipo. Haikuniwasha. Mimi nilikuwa mlangoni. Nikaongeza. Athmani akakohoa ndani ya shuka, akaniomba nimtoe. Nikamwambia vumilia, baba.

Karudi mazoezini hana sauti. Ananong'ona. Mwalimu Shee alimvuta akainusa kanzu, akamuuliza, "Umefukizwa wewe, ama umebanikwa?" Chuo kizima kikacheka. Haya kanisimulia Athmani mwenyewe, kwa kunong'ona. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Asali. Tangawizi. Maji ya moto. Hapana kitu.

Alhamisi, 12

Kumekucha siku ya maulidi, sauti bado. Atasoma Mbarak.

Nimelia jikoni. Nimemchukia mtoto wa watu, kisha nikajichukia mimi. Nikakanda unga kwa hasira, ukawa mgumu, nikaukanda tena.

Kabla ya alasiri Mbarak akabisha hodi. Nilidhani kafuata chakula. Kasimama mlangoni, kanzu ya kuazima imemfupia, macho chini.

"Mama, mamangu yuko Siu. Nimekuja uniombee wewe."

Mikono yangu ilikuwa na unga. Nikauweka mkono ule ule juu ya kofia yake. Nilianza kuomba kwa ulimi tu. Katikati nikajiona naomba kweli. Akanibusu mkono, pamoja na unga wake, akaenda zake mbio.

Sisi wanawake tulikuwa ghorofani kwa Mwana Esha, dirisha linatazama baraza ya chuo. Marashi na asmini vimejaa njia nzima. Watu wakasimama. Mbarak akaanza. Sauti ikatetemeka. Kisha ikashika. Athmani alikuwa mwisho wa safu na tari lake, anapiga huku anayumba na wenziwe, uso umemng'aa. Mimi niliogopa nitamkuta amenuna. Hakuwa na habari ya kununa.

Kofia ya Mbarak ilikuwa na alama za vidole vyangu, nyeupe, toka juu nikiziona. Nikasema mashallah kwa sauti. Mwana Esha akanitazama.

Ijumaa, 13

Mvua imekatika. Sauti ya Athmani inarudi kidogo kidogo, inakwaruza. Chetezo nimekiosha, nimekianika ukutani.

Wamekula pamoja wote wawili, sinia moja, wamegombania ukoko. Mbarak kasema wali wangu haupatikani hata Siu. Mashallah hakusema.

Nikampakulia tena.