Kila Mtu Ajibu Mwenyewe

Jumatatu, 6 Julai 2026

Miguu imevimba. Nyumba kumi na nne, na zote nitazirudia! Milangoni niliuliza kwa mkato: "Kuko kilema humu?" Wote wakasema hapana. Mama Henriette, mkubwa wetu wa sensa, akaangalia tableti, akacheka bila furaha. Mtaa mzima hauna hata mzee mmoja asiyeona vizuri? Hilo neno usilitamke tena, akasema. Uliza kama mtu ana shida ya kuona, kusikia, kutembea — kidogo, nyingi, au hawezi kabisa. Na kila mtu ajibu mwenyewe.

Sawa. Haraka haraka haina baraka, najua, najua.

Jumatano, 8 Julai

Baridi asubuhi, vumbi mchana. Kwa Mama Georgette, wa kanisa la maombi. Bintiye Daniella, miaka ishirini, ameketi mkekani, magongo yake kando. Namuuliza binti, anajibu mama: "Hakuna shida, madame. Tulishamuombea. Kusema iko mugonjwa, ni kukatala muujiza."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikamgeukia Daniella tena, polepole. Akamtazama mama yake kwanza. Halafu: "Kutembea, shida mingi. Hakuna mutu alishaniulizaka."

Mama Georgette akatoka uani. Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia. Kwa nini umjibie mtu mzima, naye yupo hapo hapo?

Ijumaa, 10 Julai

Zimebaki nyumba mbili. Sauti imekauka.

Jumamosi, 11 Julai

Leo tunahesabiwa sisi. Amekuja Élie, mwenzangu wa sensa. Mume wangu Barnabé amevaa shati lake la misa. Miaka kumi na tisa ya kulipua mawe machimboni — masikio yalibaki hukohuko. Sokoni, kanisani, kwa majirani, mimi ndiye namjibia. Watu wasimcheke!

Élie amefika kwenye swali. "Papa Barnabé, uko na shida ya kusikia?"

"Hapana," nikasema. Mimi! Limetoka lenyewe.

Élie hakuandika kitu. "Mama Mathilde, acha ajibu yeye mwenyewe." Aibu gani hii! Akasogeza kiti mbele ya Barnabé, akauliza tena, akigusa sikio lake mwenyewe ili aeleweke.

Barnabé ameelewa, nimeona. Lakini ananitazama mimi, kama siku zote. Nimevuta daftari hili magotini, naandika tu ili nisifungue mdomo. Élie anangoja. Barnabé bado ananitazama.