Mwisho wa Mpiga Picha Wako

Mpendwa mpangaji wetu,

Binti yako Haruko yuko Nairobi. Alikuja hapa kwangu Muthangari juzi na bahasha nene ya kurasa za riwaya uliyoacha, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, akaniuliza jambo moja tu: mpiga picha wa riwaya hiyo anaishia wapi? Ulifariki ukiwa umebakiza sura ya mwisho. Mchapishaji anataka mtu huyo arejee Japani akiwa tajiri, aoe, wasomaji wafurahi. Haruko anautaka mwisho wako mwenyewe, na anajua kwamba ulinisimulia mimi peke yangu. Nikamwomba arudi Jumamosi.

Wanaoisoma barua hii bila kukujua nawaeleza kidogo. Huko kwenu riwaya ya kihistoria huweza kutoka gazetini kwanza, kipande kimoja kila asubuhi, na karani huisoma akiwa kwenye treni akielekea kazini. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yako. Hukuwaandikia maprofesa. Lakini kabla ya kuandika kwamba mtu alichoka, ilikuwa lazima uchoke wewe kwanza.

Ndiyo maana, ulipokuwa ukikaa nasi Woodley katika kile chumba cha nyuma, ulijaza mawe kwenye sanduku la mbao, ukalibeba begani kutoka stesheni ya reli hadi mtoni, ili ujue mpiga picha wa zamani zile za ujenzi wa reli, aliyebeba kamera yake hivyo, aliumia wapi. Nilitembea nyuma yako nikiona haya. Vijana wa mikokoteni walikupigia mbinja.

"Woi! Mchina amekuwa hamali!"

"Mjapani, ndugu zangu," ulijibu bila kugeuka. "Mjapani."

"Hata kama! Unatuharibia kazi, mzee!"

Jioni hiyo mke wangu, Nyambura, alikukanda bega kwa maji ya moto akikugombeza kama mwanawe. Wewe ulikuwa unamuuliza maumivu ya namna ile huitwaje kwa Kikuyu.

Ninachokikumbuka zaidi ni Kenyatta Market. Kila ulipokuwa na kitabu kipya kichwani tulikwenda kula nyama choma, nawe ulinisimulia mwisho wake kabla hujaandika hata mstari wa kwanza. Muuza nyama alikuwa akisimama na kisu chake ili akusikilize ukiagiza, kwa sababu nilikufundisha Kiswahili cha vitabuni nawe ukakishika chote.

"Huyu Mjapani anaongea kama taarifa ya habari," aliwaambia wateja. "Mzee, sema tena hiyo ya 'tafadhali nikatie upande wa mbavu'."

Ulisema tena, na meza zote zikacheka.

Kisha ulinisimulia mwisho huku ukinitazama usoni. Nikiitikia kwa kichwa na kusema ni mzuri, ulisikitika, na baadaye nilisikia umeutupa. Nilidhani unanidharau. Siku moja ukanieleza: "Mwalimu, ukikubali upesi, maana yake hukumpenda mtu huyo. Mwisho ukiwa wa kweli, utabishana nami." Tangu hapo nilijaribu kubisha kwa makusudi, lakini ulinigundua kila mara.

Mwisho wa mpiga picha ulinisimulia kwa simu kutoka kwenu, ukiwa mgonjwa, sauti yako ikiwa imeshapungua. Anakufa kwa homa katika mji huu ungali wa mabati na matope. Amewapiga picha mafundi wa reli, wachuuzi, maharusi, watoto wa watu. Yeye mwenyewe hana picha hata moja, kwa kuwa siku zote ndiye aliyesimama nyuma ya kamera.

Safari hiyo sikujifanya. "Haiwezekani!" nilikupigia kelele, hadi Nyambura akaja kuuliza kuna nini. "Umemtembeza mtu njia yote hiyo ili afe bila sura? Mwache aishi, hata miaka michache!" Nawe ulicheka kwa furaha, kicheko kile cha Woodley, mpaka kikohozi kikakuzuia.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini nilimwomba Haruko asubiri. Ningeweza kumpa mpiga picha miaka. Nani angejua? Ningemfungulia duka karibu na mto, nikampa mke, na mchapishaji angenishukuru. Tena nilikuwa na hamu ya kufanya hivyo, ndugu yangu. Tangu uondoke sitaki tena kusikia habari ya mtu anayekufa mbali na watu wake.

Jumamosi alikuja. Nyambura alimtilia chai, nami nikamwambia yote kama ulivyonipa: homa, mabati, na kutokuwako kwa picha. Haruko aliweka kikombe chini.

"Hapana, babu," alisema. "Hapana! Huo ni ukatili. Baba hawezi kumfanyia hivyo. Kwa nini asipigwe picha na mtu mwingine, hata mara moja?"

Alikuwa amesimama, uso umemwiva. Nami, niliyeuchukia mwisho huo kuliko mtu yeyote, nikajikuta nimeegemea mbele na kumweleza taratibu kwa nini ni lazima iwe hivyo. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Alipoondoka alikuwa bado hajakubali, na alikuwa anakwenda kuuandika mwisho huo kama ulivyo.

Pumzika sasa.

Mwenye nyumba wako wa Woodley