Mkwe Juu ya Paa

Mama,

Mama wa mume wangu, mama yangu. Ni mimi mkaza mwanao, yule binti wa wafinyanzi wa Matema uliyekuwa ukisema ana mdomo mpana kuliko vyungu vya kwao.

Karatasi hii si yako kwa haki. Aliniachia mwanao siku askari wa boma walipomchukua kubeba mizigo ya vita, akasema nimwandikie mtoto akizaliwa. Nimwandikie wapi? Hakuna anayejua wapagazi wamepelekwa upande gani. Wewe angalau najua ulipo, na kaburi lako nalipalilia mwenyewe. Basi uvumilie mwandiko wangu. Kule misheni walitufundisha kusoma zaidi ya kuandika.

Hukujua kwamba alichukuliwa. Tulikuzika, matanga hayajapoa, wakaja. Walizoa vijana wote wa kijiji hiki. Na wewe unajua kijiji chetu ni cha vijana na wake zao tu, wazee wako ng'ambo ya kijito, ili baba mkwe na mkaza mwana wasije wakaonana njiani, maana mila inakataza. Sasa huku tumebaki wanawake watupu, na ng'ombe, na watoto wanaotuuliza maswali tusiyoyaweza.

Tumbo ulilokuwa ukiliwekea mkono kila asubuhi na kusema "huyu ana haraka huyu," sasa linanitangulia kila mahali. Uliniahidi utampokea kwa mikono yako mwenyewe. Nilikukasirikia, Mama. Nilikaa pale kaburini nikakukasirikia kabisa, nikakuuliza kwa nini usingesubiri hata mvua moja zaidi. Halafu nikainuka, maana ukindu ulikuwa haujasukwa na kuni hazijapasuliwa.

Kila ulichonielekeza nimekifanya. Kuni nimezipanga kwenye uchaga juu ya moto tangu kabla ya mvua, zimekauka zinalia zikigongana. Chungu cha kuchemshia maji alinitumia mama yangu mzazi kwa mtumbwi, ziwa lilipokuwa bado limetulia. Kaniki kuukuu nimezifua na kuzichana. Kipande cha mwanzi cha kukatia kitovu nimekichonga mwenyewe, nikakijaribu kwenye kidole gumba, damu ikatoka. Kwa hiyo kinakata. Mimi hapa siogopi. Haya, naogopa kidogo, usinicheke, lakini mikono yangu haiogopi.

Kilichobaki kilikuwa paa. Lilivuja hasa pale juu ya kitanda, na kila lilipovuja nilisema kwa sauti kwamba mimi sizai kwenye tope kama mbuzi. Nani apande? Wa karibu ni mzee wako peke yake, baba mkwe wangu, ambaye jina lake hata kwenye karatasi siliandiki. Na nimwambieje? Zamani maneno yetu uliyabeba wewe. Ulikuja ukasema "baba yako anauliza," ukaondoka na "mkaza mwanao anajibu." Tangu umeondoka, mimi na yeye tulikuwa mabubu wawili.

Basi asubuhi moja niko jikoni nyuma ya migomba, nikasikia sauti upande wa zizi. Anaongea na ndama! "Ndama, nasikia nyumba ya mwanangu inavuja. Mwambie mwenye nyumba, akisikia fimbo ikigonga mgomba pale kijitoni aende shambani, kuna mtu atapanda paa." Nilijiziba mdomo. Kisha nikainamia chungu changu, nikasema nacho kwa sauti kubwa, "Chungu, mwambie ndama, ndaga fijo, asante sana."

Tukaenda hivyo. Fimbo ikigonga, najifunika kitambaa kichwani, napita nyuma. Ikigonga tena, narudi. Nakuta nyasi kuukuu zimerundikwa uani, mianzi mipya imefungwa, na mara nyingine mkungu wa ndizi mlangoni ambao hakuna aliyeuleta.

Halafu ikaja ile siku ya mvua. Mgongo ulikuwa unaniuma, nikalala mchana, nguo nimeisukuma chini kwa sababu ya joto la moto. Huenda fimbo iligonga. Mvua ilikuwa inapiga, sikusikia. Nilichosikia ni nyasi zinang'oka juu yangu. Nikafumbua macho. Mama! Uso wake huo hapo, kwenye tundu, na mimi chini yake nimelala chali na tumbo langu lote nje kama boga shambani.

Tangu niolewe sijawahi kumtazama. Ana macho ya mwanao, hukuniambia. Akasema, "Pole, mwanangu." Ndilo neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe, si wewe, si ndama. Kisha akaporomokea upande wa pili wa paa, nikasikia kishindo kwenye migomba. Nikapiga yowe.

Mama Lusajo, jirani yangu, akaja mbio. Unamjua, wewe mwenyewe ulikuwa unakwenda naye kila ulipoitwa kuzalisha. Akaona tundu. Akaona mzee anachechemea kuelekea kijitoni. Akakaa chini palepale mlangoni, mikono kichwani. Akasema mkwe akishamwona mkaza mwana hivyo, tumbo linajifunga, mtoto hatoki, na yeye hataki kufiwa mikononi. Nikamkumbusha kwamba Jumapili anaimba kanisani kuliko sisi sote. Akanijibu kwamba Jumapili ni Jumapili. Akaondoka.

Hapo ndipo niliogopa kweli. Si kwa ajili ya tumbo kujifunga. Ni kwa sababu huyo ndiye mtu pekee uliyemfundisha. Mama yangu mzazi yuko Matema, mto Lufilyo umefura, hata mtumbwi hauthubutu kutoka. Mimba ya kwanza, peke yangu, na mwanzi wangu mkali. Niliangalia ile nguzo uliyonionyesha nitaishikilia, nikajiuliza, nikishaishika, mtoto atashikwa na nani? Nililia, Mama. Nililia mpaka paa likawa halina habari nami wala mimi nalo.

Kesho yake fimbo haikugonga. Nikasikia sauti mlangoni kwa Mama Lusajo. Nikachungulia kwenye ufa wa ukuta. Mzee wako amesimama na ndama kwenye kamba, ameipa mgongo nyumba yangu, mguu mmoja umevimba. Anaongea na ndama kwa sauti ya kusikiwa na kijiji kizima.

"Ndama, watu wanasema nimeona kitu. Mimi macho yangu siku hizi ni moshi mtupu. Nimeona nyasi. Na kama kulikuwa na kitu chini ya nyasi, hicho sikukiona."

Mama, yule mtu! Anayetambua ng'ombe wake mmoja kwenye kundi la wenzake toka upande wa pili wa mbuga! Nilisikia Mama Lusajo anaanza kucheka, anajizuia, anashindwa. Na kila mwanamke aliyetoka mlangoni kwake alijua ni uongo, na hakuna aliyesema.

Halafu sauti yake ikabadilika. Akasema taratibu, bado na ndama, "Mke wangu aliahidi kumpokea mtoto huyu. Mimi siwezi kumpokea. Paa naliweza. Hilo lingine namwomba mwenye kuliweza."

Mama Lusajo akaacha kucheka. Akasema, "Mzee kama hakuona, basi hakuona." Jioni akaja na mkeka wake, akautandika kando ya moto wangu, akaanza kunikosoa jinsi nilivyopanga kuni. Tangu hapo yuko hapa. Anakoroma vibaya sana. Na paa, mzee alilimaliza akiwa na mguu uleule. Mvua imepiga usiku kucha, kitandani hakujaanguka hata tone.

Leo tangu alfajiri mgongo unakuja na kuondoka, na sasa unakuja zaidi ya kuondoka. Mama Lusajo amebandika maji, ananifokea niweke chini karatasi. Ametuma habari ng'ambo. Nimechungulia mara moja tu. Mzee wako amekaa kwenye gogo kando ya kijito, mgongo kwetu, jani la mgomba kichwani, mvua inamnyeshea. Siku ya uzazi mila haimruhusu kusogea zaidi ya pale, na nyumbani hataki kurudi.

Lala salama, Mama. Sina hasira nawe tena. Nimekukosa sana asubuhi ya leo, lakini mikono yangu iko tayari, na nakwenda kufanya kazi yangu.

Nakuahidi jambo moja. Mwanao hayupo, wewe hupo, upande wenu anayengoja ni yule mmoja kwenye gogo, na kuona haruhusiwi. Nimeshamwambia Mama Lusajo mtoto akitoka asimbembeleze haraka. Amwache alie, alie sana, mpaka kule kijitoni mtu ainuke.